Mwanga mwishoni mwa handaki



Nimerudi kutoka likizo. Wiki mbili nilikuwa nyumbani Kanoni, Karagwe, nikila ndizi za kibanja chetu na kulala saa tatu usiku kama kuku. Sasa niko Dar, foleni ni zile zile na joto ni lile lile, lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu nilipopanda basi pale Kayanga. Nimeona niliandike hapa maana gazetini halina pa kuwekwa. Naomba mnivumilie, leo ni ndefu kidogo.

Kila nikienda nyumbani humpelekea babu magazeti. Nayafunga kwa kamba, hata yakiwa ya wiki mbili nyuma, kwake ni mapya. Babu ni wa kizazi kile cha middle school na hasomi kimya kimya. Anasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama vile kuna mtu anamsomea, hata akiwa peke yake na mbuzi.

Safari hii niliweka gazeti moja juu ya mengine makusudi. Lilikuwa na habari yangu ya kahawa, jina langu likiwa limekaa vizuri chini ya kichwa cha habari: "Wakulima wa kahawa Kagera waona mwanga mwishoni mwa handaki." Kichwa kile nilikitunga mwenyewe, mhariri hakukigusa, na si siri, nilikuwa najisikia.

Babu akasoma kichwa. Akarudia. Akavua miwani.

"Mume mwenzangu, handaki lipi hili?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Babu, huo ni msemo tu wa Kiingereza. Maana yake shida zinakaribia kwisha."

"Ahaa. Na huo mwanga umewashwa na nani?"

Nikakosa jibu. Akavaa miwani yake, akaniambia nikamwulize shangazi yangu habari za mwanga wa handakini, kisha akafunua kurasa za michezo. Habari yangu hakuisoma. Hata mstari mmoja.

Nitarudi kwa shangazi. Kwanza niwaeleze kichwa kile kilizaliwaje, maana wengi wetu tulio kwenye fani hii tutajitambua hapo. Nilikuwa kwenye warsha Bukoba, moja ya zile warsha za maji ya chupa na kalamu za bure. Mada ilikuwa kahawa na butura. Kwa msiotoka kwetu, butura ni kuuza kahawa ikingali mtini, mara nyingine ikiwa bado maua. Ada ya shule imefika, mtoto anaumwa, mwenye fedha anakuja, anautazama mbuni, anakisia utatoa kiasi gani na kukulipa anachotaka yeye. Msimu ukifika anavuna yeye. Afisa mmoja akasimama, akazungumza kwa lugha yetu ile ya warshani, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na alipofika mwisho akasema "there is light at the end of the tunnel". Watu wakapiga makofi. Mimi nikaandika kwenye daftari, na usiku nikaigeuza kama ilivyo: mwanga, mwishoni, handaki. Kazi ya sekunde tatu.

Hiyo ndiyo kazi yetu ya kila siku, tusidanganyane. Chanzo cha habari kinasema Kiingereza, msomaji anasoma Kiswahili, na katikati yupo kijana mwenye saa moja kabla gazeti halijafungwa. Ndiyo maana magazeti yetu yamejaa wanyama na vitu vya ajabu. Kuna tembo mweupe. Kuna bata kilema. Kuna ncha ya barafu, wakati barafu anayoijua msomaji wetu ni ya ukwaju iliyofungwa kwenye kifuko. Na kuna "mwisho wa siku", ambayo siku hizi inasemwa na kila mtu kuanzia bungeni hadi kijiwe cha bodaboda. Zamani mwisho wa siku ilikuwa magharibi, au kiama.

Nikiutazama vizuri, mmoja wa hiyo unanichekesha zaidi: mpira uko kwenye uwanja wa serikali. Mwingereza aliyeutunga alikuwa na tenisi kichwani. Kwenye tenisi mpira ukivuka wavu na kuingia upande wako, ni zamu yako kuupiga, na usipoupiga umepoteza. Msomaji wetu anafikiria Simba na Yanga. Kwenye kandanda, mpira ukiwa muda wote upande wako wa uwanja, maana yake unashambuliwa na beki zako zimechoka. Sentensi ile ile, mmoja anasoma kwamba serikali ina nafasi ya kuamua, mwingine anasoma kwamba serikali inaelekea kufungwa. Na wote wawili wamenunua gazeti kwa bei moja.

Karagwe kwenyewe kazi hii ya kuvusha maneno haikuanza na mimi. Novemba 1861 Speke na Grant walifika kwa Mukama Rumanyika wakiwa safarini kutafuta chimbuko la Mto Nile. Mtu wao muhimu alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika aliyechukuliwa utumwani akiwa mdogo na kupelekwa India, akaishi huko miaka mingi kabla ya kurudi. Speke alikuwa ofisa wa jeshi la India, basi wawili hao lugha yao ilikuwa Kihindustani. Bombay akitoka hapo anaingia kwenye Kiswahili cha misafara, na Kiswahili nacho kinakutana na lugha za wenyeji. Sasa fikiria fumbo la Kiingereza linaanzia kinywani mwa Speke, linapita India, linapita pwani, ndipo linafika kwa Rumanyika. Speke aliandika kwamba Mukama alitaka kujua wageni wanaionaje nchi yake, maana aliamini milima yake ni mizuri kuliko yote duniani. Na wageni walifanya nini? Ziwa dogo lililokuwa chini ya makazi ya mfalme wakaliita Windermere Ndogo, kwa sababu Grant aliliona linafanana na ziwa la kwao England. Ziwa lilikuwa na jina lake. Lakini ndivyo binadamu alivyo, akifika ugenini anatafuta la nyumbani la kufananisha.

Mimi nilifanya kinyume chake. Niko nyumbani, nikachukua la ugenini.

Tulifundishwa hivyo. Nakumbuka sekondari, mwalimu wetu wa Kiingereza alijaza ubao pande mbili: kushoto msemo, kulia maana. Kupiga teke ndoo, kufa. Kunyesha paka na mbwa, kunyesha sana. Tukanakili, tukakariri, tukajibu mtihani, tukapata alama zetu. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu apige teke ndoo ndipo afe. Ungeuliza ungeambiwa unapoteza muda wa wenzako. Misemo ya Kiswahili hatukuwahi kuikariri hivyo. Nani alikaa darasani kukariri kwamba kula chumvi nyingi ni kuishi miaka mingi? Ulimsikia bibi akisema, ukamtazama mzee anayesemwa, ukaelewa.

Nilipofika Mlimani na kukutana na intaneti ya bure maktaba, nikaanza kuitafuta mizizi ya ile orodha ya ubaoni. Hapo nikaangukia barua pepe moja maarufu inayozunguka tangu mwaka 1999, inayodai kueleza maisha ya miaka ya 1500 huko Uingereza. Inasema paka na mbwa walikuwa wanalala juu ya mapaa ya nyasi, mvua ikinyesha wanateleza na kudondoka, ndiyo asili ya msemo. Nikaamini, nikawasimulia hadi wenzangu hosteli. Uongo mtupu. Wataalamu wa lugha walishaichambua barua ile na kuitupa. Mimi niliyezaliwa kwenye nyumba za nyasi nilipaswa kushtuka wa kwanza: mbwa gani analala juu ya paa? Ndoo nayo kamusi ya maneno ya mitaani ya Francis Grose inayo tangu mwaka 1785, kwa maana hiyo hiyo ya kufa, ila asili yake watu wanabishana hadi leo.

Mingine lakini ina historia iliyonyooka kabisa, na hiyo ndiyo iliyonikamata. Bata kilema, kwa mfano. Leo wanahabari tunampa jina hilo rais anayemaliza muda wake, lakini alianzia kwenye biashara ya hisa London. Ni broka aliyeshindwa kulipa madeni yake. Mwandishi Horace Walpole alimtaja kwenye barua yake ya mwaka 1761, akimwuliza rafiki yake kama anajua bata kilema ni nini. Maana yake hata Waingereza wenyewe ilibidi waulizane! Sisi tunamwaga tu kwenye ukurasa wa kwanza na kuendelea na safari.

Kuna ule mwingine wa kumsomea mtu Sheria ya Ghasia, ambao Mwingereza anautumia akimaanisha kumkaripia mtu na kumwonya mara ya mwisho. Mzazi anamsomea mtoto, kocha anawasomea wachezaji. Wenyewe wanautamka kwa tabasamu. Sasa sikia ulikotoka. Ni sheria kweli, ilipitishwa mwaka 1714 na kuanza kutumika 1715. Watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa vurugu, ofisa anasimama mbele yao na kuwasomea tangazo kwa jina la mfalme. Wana saa moja ya kutawanyika. Saa ikipita na bado wapo, kosa lao ni la kunyongwa. England iliifuta mwaka 1967, ikabaki utani wa mezani. Lakini fungua Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, tuliyorithi kwa mkoloni. Tangazo la kuwataka wafanya ghasia watawanyike limo, na idadi ni ile ile, watu 12. Kwao ni msemo, kwetu ni kifungu cha sheria. Aliyewahi kusimama mbele ya gari la FFU lenye kipaza sauti hawezi kuutamka akitabasamu.

Na si kila mara tunahitaji kuazima. Mwaka 1801 huko Copenhagen Admeri Nelson alipewa ishara ya kusitisha mapigano, akaweka darubini kwenye jicho lake bovu na kusema haioni ishara yoyote. Waingereza wanaupenda mno mkasa huo wakizungumzia kugeuza jicho bovu. Sisi tunasema kufumbia macho, na hatukuhitaji admeri. Vivyo hivyo urasimu. Wenzetu wana utepe mwekundu, kwa sababu majalada ya serikali na ya mahakama kwao yalikuwa yanafungwa kwa utepe wa rangi hiyo. Hapa utepe mwekundu ni wa mgeni rasmi kukata akizindua zahanati.

Haya, turudi handakini.

Ule msemo wa afisa wetu wa warshani ulitoka kwenye reli. Uko ndani ya treni, treni imeingia mlimani, giza, moshi, halafu mbele kinatokea kiduara cheupe kinachokua. Ukishakiona unajua unatoka salama, kwa sababu treni haina kona ya kukupotezea. Ni picha nzuri kwa mtu wa reli. Aliyesafiri na TAZARA kati ya Mlimba na Makambako anaijua, maana reli ile iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 ina mahandaki zaidi ya 20. Waliopanda treni ya SGR kwenda Dodoma tangu ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024 nao wameionja Kilosa. Lakini Karagwe reli haijawahi kufika. Sisi njia yetu ni vumbi na milima, na mlima wetu tunauzunguka au tunaupanda.

Kilichoupa msemo huo umaarufu mkubwa lakini si treni, ni vita. Desemba 1962 Rais Kennedy aliulizwa na waandishi kuhusu Vietnam, naye akazungumzia handaki: mwisho wake hawauoni bado, ila giza halijazidi la mwaka uliotangulia. Alikuwa mwangalifu yule. Waliofuata hawakuwa waangalifu, wakawa wanauona mwanga kila mwaka, kila mkutano na waandishi. Halafu Januari 1968 yakaja mashambulizi ya Tet, miji ya Vietnam Kusini ikashambuliwa karibu yote kwa mpigo, na Wamarekani waliokuwa wanatazama televisheni wakaelewa kwamba walikuwa wanadanganywa. Kwa miaka mingi baadaye ukimwambia Mmarekani wa rika lile kwamba unaona mwanga ule, atakuuliza kama si taa ya treni inayokuja kukugonga.

Basi mimi, kijana wa Kanoni, nimekaa Bukoba usiku nikiandika habari za kahawa, nimechukua maneno yaliyopita kwenye treni na kwenye Vietnam, nikayaweka juu ya neno handaki. Na neno handaki nalo lina yake. Limetoka Uarabuni, ambako nako lilitoka Uajemi, na tangu zamani ni shimo la vita. Waislamu wote wanaijua Vita vya Handaki, mwaka 627, Madina ilipokingwa kwa shimo refu ili farasi wa adui wasivuke. Halikuwa na mwisho wa kutokea wala mwanga. Ni shimo la kumzuia adui au la kujificha. Huyo wa mlimani wa treni tumempa jina hilo baadaye kwa kukosa lingine.

Shangazi nilimkuta jikoni akimenya ndizi. Nikamwambia babu kanituma nimwulize habari ya mwanga. Akacheka kidogo. Akaniinulia mkono wa kushoto.

Kovu lile nimeliona maisha yangu yote. Liko kwenye kidole gumba, limekatiza hadi karibu na kiganja, na siku zote nilidhani alijikata na panga kibanjani kama sisi wote. Kumbe amezaliwa nalo. Yaani, alilipata dakika ile ile.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini ya Mto Kagera, wakati mkoa wetu ukiitwa bado Ziwa Magharibi. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akatangaza vita redioni, na nchi nzima ikalijua neno nduli. Kanoni si Mutukula, vifaru havikufika kwetu. Lakini mpaka wa Uganda uko pale Murongo, si mbali, na watu waliokimbia waliteremka na habari zao. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Bukoba ilidondoshewa mabomu. Amri ikapita nyumba kwa nyumba kupitia kwa mabalozi: kila kaya ichimbe handaki, na usiku taa zizimwe. Usiwashe moto nje. Usivute sigara nje, ndege inaona hata kichwa cha sigara. Babu na jirani zake wawili walichimba moja la pamoja nyuma ya kibanja, wakalifunika kwa magogo, udongo na majani ya migomba.

Bibi alikuwa mjamzito wa mwezi wa mwisho. Usiku mmoja wa Novemba watu walisikia mngurumo, wakaingia handakini wote, familia tatu na watoto wao, na humo humo uchungu ukamshika. Mkunga alikuwa bibi kizee wa jirani. Alifanya kila kitu kwa kupapasa, mpaka ilipofika kukata kitovu. Akasema, jamani, nipeni mwanga kidogo tu, sioni ninapokata.

Babu akawasha koroboi.

Shangazi anasema ilikaa labda kwa muda wa kuhesabu hadi 20. Watu wakapiga kelele. Kuna aliyelia, kuna aliyemtukana babu matusi ambayo hayasemeki, kwamba anataka kuwaua watoto wa watu kwa ajili ya mtoto wake mmoja. Jirani mmoja akaruka na kuizima ile taa kwa kiganja, utambi unawaka. Wembe tayari ulikuwa mkononi mwa mkunga. Giza likarudi ghafla, mkono ukateleza. Kitovu kilikatika, na kidole gumba nacho kikachanwa. Walimfunga kwa kitambaa cha kanga gizani, bila kujua damu inatoka wapi.

Ndege haikuja. Hakuna anayejua hata kama mngurumo ule ulikuwa wa ndege au wa lori. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, mkoa ukabadilishwa jina, handaki likafukiwa na juu yake babu akapanda mgomba. Lakini yule jirani aliyezima taa na babu hawakunywa rubisi pamoja tena mpaka jirani alipofariki. Si kwa sababu ya kidole. Babu, anasema shangazi, hajawahi kumlaumu. Anaamini jirani alikuwa sahihi na yeye alikosea. Ndiyo maana hakuweza kumtazama usoni.

"Sasa wewe," akaniambia akirudi kwenye ndizi zake, "umemwandikia gazetini kwamba wakulima wanafurahia mwanga wa handakini."

Nilitoka nje nikakaa.

Nafahamu mtakachosema. Kwamba lugha inakua, kwamba hakuna lugha isiyoazima, kwamba tukianza kuogopa kila neno kwa sababu ya babu wa kila mtu hatutaandika. Ni kweli. Kiingereza chenyewe kimeazima hadi kwetu, na hapa ndipo pananiuma zaidi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa kulima karanga Tanganyika, ekari zaidi ya milioni tatu kwenye makaratasi: Kongwa, Urambo, Nachingwea. Walileta hadi vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Ardhi ya Kongwa mvua ikiisha inakuwa kama sakafu ya saruji, lakini walioulizwa si wenyeji. Januari 1951 mradi ukafutwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimeteketea. Tangu hapo kwenye siasa za Uingereza "mradi wa karanga" ni jina la kila mpango mkubwa wa kijinga wa serikali. Wanasiasa wao walilitupiana bungeni miaka mingi, na Mgogo wa Kongwa aliyeporwa malisho ya ng'ombe wake hayumo ndani ya utani ule. Zimebaki karanga.

Na wakati Amin yuko madarakani, jarida la dhihaka la London liitwalo Private Eye lilianza mwaka 1973 kutumia "mazungumzo ya Uganda" kwa maana ya watu wawili wanaofanya mapenzi kwa siri. Utani huo ulidumu kwa miongo. Mimi mwenyewe nilipousoma mara ya kwanza nilicheka sana, nikiwa hosteli Mlimani. Bado nadhani unachekesha. Ila sasa nikiukumbuka, naona watu kama 15 ndani ya shimo Kanoni, na Uganda ndiyo sababu ya wao kuwa humo.

Siwadai Waingereza chochote. Wao wana haki ya kutania wasiyoyaona. Nilichokuwa nafikiria ndani ya lile basi, kutoka Kayanga hadi Biharamulo na kuendelea, ni kwamba mimi niliyaona. Kovu nililiona kila Krismasi. Handaki nimechezea juu yake, mgomba ule ndio mnene kuliko yote kibanjani na tulikuwa tukikimbizana kuuzunguka. Kiswahili changu nimekipata kutoka kwa watu hawa. Ikawaje nilipolishika neno lao sikusikia kitu chochote ndani yake?

Na lile la butura je? Wenzetu wana msemo wao wa kuonya mtu asihesabu vifaranga kabla mayai hayajaanguliwa. Kwa mfuga kuku wa England huo ni ushauri mzuri. Kwetu Karagwe kuna mtu anakuja kuvihesabu vifaranga vyako mayai yakiwa bado hayajatagwa, analipa taslimu, na anayepata hasara ni mwenye kuku. Neno butura linasema hayo yote kwa silabi tatu. Nilikuwa nalo kwenye daftari langu siku ile ya warsha. Sikuliweka kwenye kichwa cha habari kwa sababu nilidhani msomaji wa Dar hatalielewa.

Wiki iliyopita nimeandika habari ya pili ya kahawa. Sentensi ya kwanza ilisema wakulima wameanza kupata matumaini, na kichwa nilikiandika chenye butura, nikaieleza kwa maneno manane. Niliporudi asubuhi na kufungua gazeti, dawati lilikuwa limeshafanya kazi yake. Butura haipo. Lipo handaki, na mwanga wake.

Nilimpigia shangazi kumtahadharisha kabla gazeti halijafika. Akasema nimechelewa, mtoto wa jirani kaliona kwenye simu na kamsomea babu. Nikauliza babu kasemaje.

"Kauliza kama safari hii wameshajua nani kaiwasha."